Upupu wa Maji Matatu

Wiki iliyopita tulimwacha Mzee Sebineza mlangoni mwa dispanseri ya Baraka, miguu yote miwili ndani, na mbele yake kizingiti kisichozidi vidole viwili kwa urefu. Msomaji asidhani kwamba katika siku saba hizi mzee amesogea. Bado amesimama palepale.

“Dakika mbili,” alisema daktari.

Daktari huyo Mbelgiji alikuwa na jina refu, lakini Baraka nzima ilimwita Bwana Saa, kwa kuwa hakuamini jambo lolote asiloweza kulipima kwa saa yake ya mfukoni. Masharti alikuwa ameyaweka mwenyewe. Mgonjwa afunge vifungo vitano vya koti lake, avuke mlango, aende hadi mlingoti wa bendera, arudi. Dakika tano tu. Akiweza, Mama Anastasie, mwanamke wa Kibembe aliyemtibu kwa mbegu za upupu, ataachiwa. Asipoweza, mama huyo atapanda boti ya saa kumi kwenda Uvira, akamjibu juji, hakimu wa huko, kwa nini anawalisha watu sumu.

Kufikia dakika ya pili, mzee alikuwa amefunga kifungo kimoja, nacho katika tundu lisilo lake.

Bonaventure aliegemea ukuta, mikono nyuma. Yeye ndiye muuguzi wa dispanseri, munganga kama watu wa pale wanavyosema, na yeye ndiye aliyeomba jaribio hili. Alikuwa amerudi asubuhi hiyohiyo kutoka Nundu. Bwana Saa alimpeleka huko siku tatu kuchanja watoto, ili mtu yeyote asije akasema kwamba muuguzi alimsaidia mgonjwa kwa siri. Alipoondoka, Sebineza alikuwa akitembea peke yake hadi ziwani na kurudi.

Sasa mkono wa kulia wa mzee ulikuwa ukisokota tumbaku isiyokuwapo, kidole gumba juu ya cha shahada, bila kupumzika. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Ugonjwa huo, ambao kitabu cha daktari kiliuita Parkinson, ulikuwa umemnyang'anya kwanza kukamua ng'ombe, kisha kucheka.

“Dakika nne.”

Mzee aliinamisha kifua mbele. Kifua kilikwenda, miguu ilibaki. Mukantwari, binti yake, alimdaka kabla uso haujagonga saruji.

Bwana Saa aliandika neno moja kwenye karatasi yake. Kando yake Bwana Ajenti, mkubwa wa serikali aliyeshuka kutoka Fizi kwa ajili ya shauri hili, alicheka hadi mkanda ukapanda.

“Sasa Baraka iko na milingoti mbili,” alisema. “Tuweke bendera juu ya huyu pia?”

Hakuna aliyecheka naye. Hilo halikumkera. Alikuwa na karatasi tayari, imepigwa chapa kabla hata ya kutoka Fizi, nayo ilisema kwamba dawa ya Anastasie haina faida na ina sumu, kwa ushuhuda wa muuguzi wa Baraka. Kilichokosekana ni sahihi ya muuguzi. Aliisukuma mezani pamoja na kalamu.

Bonaventure aliisoma mara mbili. Aliirudisha upande ule ilikotoka.

“Siweke mukono.”

“Unajua maana ya kukatala?”

Alijua. Diploma yake ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha Bwana Ajenti, na msumari ulioishika haukuwa mrefu.

“Karatasi inasema nimeona sumu,” alisema. “Mi sikuona sumu. Niliona muzee anashindwa leo, na wiki ile nilimuona anaweza. Hizo ni vitu mbili. Karatasi inaandika moja.”

Bwana Ajenti alimgeukia daktari kwa Kifaransa, akasema kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuwafundisha watu kusoma. Bonaventure, aliyefundishwa kusoma kwa lugha hiyohiyo, alingoja amalize.

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo Baraka wanalisimulia. Alifungua kabati la dawa, akatoa chupa ya kahawia, akaiweka mbele ya Bwana Saa.

“Docteur, ile matone mulimupa muzee kwanza, mwaka jana, ni hii. Kitabu chetu cha masomo kinasema inatoka kwa majani ya mti mumoja wa Ulaya. Na mutoto wa Ulaya akikula matunda ya ule mti, anakufa. Shi ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Mbona ule muti hamuuite sumu?”

Mukantwari alishika mdomo. Bwana Ajenti alianza kuinuka. Bwana Saa hakukasirika. Alikuwa mtu anayependa swali lenye jibu.

“Kwa sababu ule umepimwa,” alisema.

“Na huu niko naupima.”

Akatoa daftari lake. Kabla ya dawa, vifungo vitano kwa dakika kumi na moja, viwili kati ya hivyo vikifungwa na binti. Siku ya nne ya upupu, dakika tatu. Siku ya tisa, dakika moja na sekunde hamsini. Dawa huanza kazi baada ya nusu saa hadi saa nzima, na nguvu yake hudumu saa tatu na dakika kumi. Ametapika mara nne. Siku moja kipimo kilipozidi, mzee aliona ng'ombe wanalala ndani ya nyumba, na ng'ombe hawakuwapo.

Kidole cha daktari kilisimama kwenye mstari huo.

“Hata hii uliandika?”

“Ilitokea, Docteur.”

Bwana Saa alifunga daftari polepole. Mwongo asingeuandika mstari huo, na daktari alilijua hilo. Aliuliza muuguzi anataka nini. Bonaventure akajibu kwamba anataka kujua kitu kimoja tu: tangu mzee alipolazwa hapa, nini kilibadilika. Daktari alitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

“Mpaka saa saba kamili.”

Bwana Ajenti alipinga kwa sauti. Daktari alimsikiliza, kisha akasema bila kuinua macho, “Ugonjwa ni wangu. Boti ni yako.”

Kumbukeni maneno hayo. Bwana Ajenti aliyakumbuka.

*

Jiko la dispanseri lilikuwa nyuma, kibanda cha mabati chenye moshi. Mpishi wake, Mama Dorothée, alikuwa amepika humo miaka kumi na miwili, na hakupenda mtu aingie bila kubisha.

Bonaventure aliingia bila kubisha.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa karatasi yake mwenyewe, imechomekwa nyuma ya kopo la chumvi, imekunjwa vizuri kama barua ya padri. Kabla ya kwenda Nundu alikuwa ameandika humo maagizo yote kwa mwandiko safi: mbegu zitwangwe mbichi, unga upimwe kwa kombe, lile ganda la ziwani, makombe mawili, maji ya vuguvugu, tumbo tupu, maziwa hapana.

“Mama, hii karatasi ulifanya nayo nini?”

“Niliitunza. Si unaona?”

“Nani alikusomea?”

Dorothée aligeuza mwiko ndani ya sufuria nyingine kabisa. “Hakuna mutu aliniuliza kama najua kusoma,” alisema.

Bonaventure alihisi joto likimpanda shingoni, na halikuwa la moto wa jiko. Kwa siku tisa alikuwa ameandika makosa ya kila mtu. Kosa la kwanza kubwa la jaribio hili lilikuwa lake, tena kwa mwandiko mzuri. Aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia, upupu aliupika vipi.

“Namna ya kupika upupu. Kuko namna ingine?”

Na Dorothée akamweleza, kwa majivuno ya mtu anayejua kazi yake. Wakati wa vita, mwaka wa njaa, muhogo ulipooza shambani, mama yake aliwalisha watoto saba kwa upupu, na hakuzika hata mmoja. Maji ya kwanza yanatoka meusi, unamwaga. Ya pili unatia majivu, unachemsha, unamwaga. Ya tatu yakitoka meupe, chakula ni salama.

“Batu ya Kilembwe banapika na maji mbili,” aliongeza, “njo maana banatapika. Sisi huku ni maji tatu. Mi sitie sumu ndani ya mugonjwa, munganga. Ule muzee nimemupikia kama baba yangu.”

“Na yale maji meusi?”

“Kule, kwa migomba.”

Kwa siku tatu, basi, dawa ya Mzee Sebineza ilikuwa imetibu migomba mitatu nyuma ya jiko, ambayo kwa habari zote zilizopo haikuwa ikitetemeka. Mzee alikuwa amelishwa maharage mazuri, laini, matupu.

Bonaventure aliomba apewe mbegu zilizobaki. Hazikuwapo. Za mwisho zilikuwa motoni, kwa ajili ya chakula cha mchana, na zile za nyumbani kwa Anastasie polisi walikwisha kuzichoma tangu Jumatatu.

Aligeuka. Dorothée alikuwa ameshika chungu kwa vitambaa viwili, amekiinua, anaelekea mlangoni.

“Weka chini.”

“Ni maji ya kwanza. Namwaga.”

“Mama Dorothée, nakuomba. Weka chini.”

Ni neno “nakuomba” lililomsimamisha. Katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kulisikia kutoka kinywa hicho. Akaweka chungu chini.

Maji yalikuwa meusi kama kahawa ya padri.

*

Anastasie aliwekwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni wa serikali, akilindwa na polisi mmoja, Eugène. Wote wawili walikuwa wakimenya karanga kutoka bakuli moja. Polisi alisimama upesi alipomwona Bonaventure, kisha akaketi tena.

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda. Asubuhi Bwana Ajenti alimwambia kwamba akiomba msamaha mbele ya watu mambo yatapungua uzito.

“Nimemuuliza, musamaha ya nini,” alisema. “Ya muzee kutembea? Hakujibu. Kwanza nikule karanga.”

Bonaventure alimweleza yaliyotokea jikoni. Anastasie alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza maswali manne, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa swali ambalo munganga mwenyewe angepaswa kuliuliza. Mbegu zilikuwa makombe mangapi? Maji kiasi gani? Yamechemka muda gani? Akajibiwa: manne, chupa tatu, tangu walipomaliza kunywa chai.

“Ametia majivu?”

“Sikuuliza.”

“Basi rudia, uulize kwanza. Majivu inakula nguvu yake yote. Mi nilijua kwa ubaya, kwa mugonjwa wangu wa kwanza. Nilitia majivu ju alilia na uchungu wa dawa. Ikawa tamu, na yeye akabaki kama jiwe.” Alitema ganda la karanga. “Kama hakuna majivu, nusu ya kikombe cha bati. Pasipo maziwa. Atatapika kidogo, musiogope. Na usimupe yote siku moja. Kesho asubuhi atakuwa na lazima ya ingine.”

“Uliwahi kutoa maji yenyewe, badala ya unga?”

“Hapana,” alisema Anastasie. “We utakuwa wa kwanza. Andika.”

Bonaventure alikimbia. Jikoni Dorothée alikuwa ameketi mbele ya chungu kama mtu anayelinda maiti, na kando yake kibuyu cha majivu, kimefunguliwa. Hapana, hakuwa ametia. Alikuwa anangoja tu kuona kama kuna mtu mwenye akili atakayerudi.

Bonaventure alichuja maji kwa kitambaa cha vidonda. Alijaza chupa moja, akapima nusu kikombe pembeni. Yaliyobaki aliyaacha chunguni.

“Usiguse chungu,” alisema.

“Nisiguse chungu changu?” Dorothée alimwuliza mgongo wake, maana alikwisha kutoka.

*

Saa tano na dakika ishirini na mbili Sebineza alikunywa. Macho yalibana, uso uliobaki haukuonyesha kitu.

“Na maziwa?” alinong'ona. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo kama ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi.

“Hapana, muzee.”

“Ngombe mia moja kule juu. Na mi nakunywa maji ya migomba.”

Saa sita kasoro dakika nane alitapika. Hakutapika kidogo.

Bwana Ajenti alisimama, akavaa kofia yake. Alisema ameona ya kutosha, na kwamba watu wazima hawakai kungoja maajabu ndani ya ndoo. Alitelemka ngazi. Bonaventure alimwona akimwita mtu kule barabarani, akinyoosha mkono kuelekea ziwani, lakini maneno hayakufika.

Sita na robo. Gumba bado lilisokota.

Mukantwari alichukua fimbo ya baba yake, ile ndefu ya kuchungia, akailaza chini mbele ya kizingiti. Bonaventure alimwuliza ni ya nini. Akajibu kwamba kule nyumbani, miguu ya baba ikigoma, anaweka fimbo chini, na baba anairuka. Sijui kwa nini, alisema, lakini anairuka, kila mara.

Bonaventure aliitazama fimbo ile. Hakika ingefaa. Mzee angevuka, Bwana Saa angebonyeza saa yake, Anastasie angekwenda nyumbani.

Akaiokota, akamrudishia.

“Munganga!”

“Tukiweka fimbo, akivuka tutajua nini? Tutajua fimbo.”

“Na akianguka?”

“Nitaandika ameanguka.”

“We hauna damu,” alisema Mukantwari. “Uko na wino.”

Bonaventure alifungua daftari, akaandika saa. Huko nyuma, Bwana Saa, ambaye alikuwa ameona fimbo ikilazwa na kuokotwa, aliandika jambo kwenye karatasi yake bila kuulizwa.

Sita na dakika thelathini na tano, gumba lilisimama.

Wa kwanza kuliona alikuwa mzee mwenyewe. Aliuangalia mkono kama mtu anayemwangalia mgeni aliyenyamaza ghafla katikati ya maneno. Kisha akaupeleka kwenye koti. Kifungo cha juu. Cha pili. Mukantwari alinyoosha mkono kusaidia, naye akausukuma pembeni kwa kiwiko. Cha tatu. Cha nne kiliteleza, akakirudia. Cha tano.

Bwana Saa alikuwa amekwisha kubonyeza saa bila mtu kumwambia.

Sebineza alisimama. Alikwenda mlangoni. Mbele ya kizingiti miguu ilisita, ikatetema mahali pamoja mara mbili.

Mguu wa kushoto ukapanda. Ukavuka.

Alikwenda hadi mlingoti, akaugusa kwa kiganja, akageuka kwa hatua tano ndogondogo, akarudi. Wagonjwa wote waliokuwa kwenye mikeka nje waligeuza vichwa kumfuata. Alipogusa fremu ya mlango, saa ilibonyezwa.

“Dakika nne na sekunde kumi na mbili,” alisema daktari. Kisha akafanya kitu kisicho cha kawaida yake. Aliisogeza karatasi hadi mbele ya Bonaventure, ili aisome mwenyewe. *Amefaulu. Fimbo ilikataliwa na muuguzi.*

Hapo ndipo waliposikia injini.

*

Boti ya saa kumi ilikuwa ikiunguruma saa saba kasoro dakika kumi na tano.

Bwana Saa alisikiliza, akaelewa. Alisema kwamba amekwisha kuandika kuhusu dawa, lakini kuhusu boti hana amri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumwa na maneno yake mwenyewe. Bonaventure tayari alikuwa amechukua chupa na daftari.

Lakini kabla yake, bila kuombwa na mtu, Mzee Sebineza alikuwa ameuvuka mlango kwa mara ya tatu.

Alishuka barabara ya ziwani, binti upande mmoja na fimbo upande wa pili, koti limefungwa hadi shingoni kwenye jua lile. Nyuma yake daktari na begi lake. Nyuma ya daktari, wagonjwa wenye miguu mizima. Bonaventure alihesabu hatua, kwa sababu hakujua kufanya jambo jingine: mia tatu na arobaini na moja, bila kusimama.

Anastasie alikuwa ameketi nyuma kabisa ya boti, mikono imefungwa kwa kamba. Sebineza aliingia majini na viatu vyake. Eugène, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa boti, alimpa mkono kumpandisha kabla ya kufikiri kama inaruhusiwa. Mzee akaketi kando ya mama yule, akaweka fimbo katikati ya magoti.

Bwana Ajenti aliuliza huyu anafanya nini.

“Munasema dawa ya huyu mama inaua,” alisema Sebineza. Sauti ilikuwa imepanda; pwani yote iliisikia. Uso wake, kama kawaida, haukucheka. “Mi niko maiti yake. Mutapeleka muuaji kwa juji bila maiti?”

Mtu mmoja alipasuka kicheko, kisha wa pili, kisha pwani nzima. Eugène aliutazama mlima wa Ubwari, ng'ambo ya maji, kama aliyeona kitu muhimu sana kule.

Bwana Ajenti aliamuru mzee ashushwe. Bwana Saa alipanda, akaketi mbele yake, akasema kwamba huyo ni mgonjwa wake, anamfuata daktari wake Uvira, na kesho asubuhi atavifunga vifungo vyake mbele ya juji. Ugonjwa ni wangu, alisema tena. Safari hii aliyasema taratibu.

Mukantwari akapanda. Bonaventure naye akaweka mguu mmoja majini.

“We ukipanda,” alisema Bwana Ajenti, “umeacha kazi. Na hiyo chupa, lete.”

Bonaventure hakusogea. Hesabu yake ilikuwa fupi. Nguvu ya dawa hudumu saa tatu na dakika kumi, na kabla ya jua kushuka mzee angekuwa ameganda tena. Juji angemwona kesho. Kesho ilitaka nusu kikombe.

Bwana Ajenti aliinyakua chupa, akang'oa kizibo.

“Sumu haipande boti ya serikali.”

Maji meusi yalimwagika ziwani, mstari mwembamba, hadi tone la mwisho. Chupa tupu ikafuata. Kicheko kilikwisha pwani. Anastasie peke yake hakuinamisha kichwa. Alikuwa akitazama juu ya mabega ya watu, kwenye njia ya kutoka dispanseri.

Mama Dorothée alikuwa anakuja, kapu kichwani, hana haraka. Watu walimpisha. Aliingia majini na kitenge chake kizuri, akafika ubavuni mwa boti, akamwinulia Mukantwari kapu.

“Chakula ya muzee,” alimwambia Bwana Ajenti, aliyekuwa amenyoosha mkono. “Ao chakula nayo ni sumu? Kula basi, tuone.”

Bwana Ajenti aliinua jani la mgomba, akaona ugali na samaki wadogo wa ndagala, akalirudisha. Dorothée akamsogelea Mukantwari sikioni. Bonaventure, aliyekuwa karibu, alisikia.

“Chini ya ugali kuko chupa. Leo sikumwaga.”

Kamba ilifunguliwa. Boti ikarudi nyuma, ikageuza pua kuelekea kaskazini. Bonaventure alibaki na maji magotini, akimtazama mwanamke huyu ambaye asubuhi alikuwa amemlaumu moyoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Kisha tabasamu likaisha. Chupa ya kwanza aliijaza mwenyewe, saa tano. Chungu kilibaki jikoni, kando ya moto, saa moja na nusu, mbele ya mtu aliyepika upupu kwa namna moja tu maisha yake yote.

“Mama,” alisema. “Ile ya chupa uliichota kabla ya majivu, ao nyuma?”

Boti ilikuwa tayari mbali, na injini ingemeza sauti ya mtu yeyote.

Dorothée aliinua mikono yake yote miwili kutoka majini, akaigeuza, akavitazama vidole vyake kama aliyeviona leo. Maji hayakuwa yamefika kwenye vifundo vya mikono. Kutoka hapo hadi kwenye viwiko, ngozi yake ilikuwa ya kijivu kwa majivu.